Dahabo na Kiapo cha Mkalimani

Mzee Molu alihukumiwa kwa neno moja alilolitamka kwa adabu.

Ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la mahindi upande wa mto, chini ya Garsen, wakala na kukanyaga. Hilo mwenyewe hakulikana. Alichotaka kusema ni kwamba shamba lile lilikuwa limelimwa katikati ya malka, ile njia ya mifugo ya kushukia majini ambayo babu yake aliikuta, na kwamba ng'ombe mwenye kiu akishanusa mto hatambui tena mahindi ya mtu. Lakini siku hiyo mahakama tembezi ilikuwa imekaa katika ukumbi wa kituo kidogo, mkalimani wa Kiorma hakufika, na askari mmoja aliyejua Kisomali akasema lugha hizo ni ndugu, acha ajaribu. Askari akasema kwa Kisomali. Mzee Molu akawa anadaka neno hapa na neno pale. Kila askari alipotua, mzee aliitikia "eeyee," kama mtu wa heshima anavyomwitikia mwenzake anayezungumza, kumwonyesha kuwa anasikilizwa. Kwa Kiorma neno hilo maana yake pia ni ndiyo. Karani akaandika kwamba mshtakiwa amekiri.

Kwa sababu ya umri wake hakupelekwa jela. Alipewa kifungo cha nje: afagie na kufyeka ua wa zahanati mpaka muda wake uishe. Alirudi nyumbani jioni, akakaa mbele ya nyumba, akamwambia mkewe, "Wamenipa ufagio."

Binti yake Dahabo alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alifaulu vizuri, lakini alikuwa nyumbani tu akichunga mbuzi, kwa kuwa hakuna aliyejua hatua inayofuata ni ipi. Asubuhi ya kwanza ya kifungo alimfuata baba yake hadi zahanati. Walipofika, mzee alichukua panga akaenda kwenye uzio kukata mathenge, ule mti wa miiba uliovamia kila mahali, na Dahabo akachukua ufagio. Hawakuwa wamepatana hivyo. Ilitokea tu.

Wakaendelea vile mpaka alipokuja Florence, afisa wa probesheni aliyesimamia vifungo vya nje. Alikuwa mama wa Kipokomo kutoka Golbanti, mwenye sauti nzito na mwendo wa taratibu. Alisimama getini akamtazama Dahabo akifagia, akamtazama mzee kule kwenye miiba.

"Kati yenu aliyehukumiwa ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Mbona basi ufagio uko kwako?"

"Kwetu mwanamume hafagii mbele ya wanawake. Mathenge anakata yeye, mimi nafagia. Kazi inaisha."

"Kazi inaisha, lakini hukumu haikusema hivyo." Florence alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Na kosa alikubali mwenyewe. Nimesoma."

"Hakukubali. Alikuwa anasikiliza."

Ilibidi Dahabo aeleze mara ya pili ndipo Florence akaelewa. Akasema muda wa kukata rufaa haujapita, mzee anaweza kurudi na kusema maneno yake yote mbele ya mkalimani wa kweli. Dahabo akaenda kwenye uzio kumpelekea baba yake habari hiyo. Mzee Molu alisikiliza huku akifuta jasho kwa ncha ya kikoi.

"Mwambie nashukuru," alisema. "Niliingia nyumba ile na maneno machache wakanipa ufagio. Nikirudi na maneno mengi watanipa nini?"

Basi akatumikia mpaka mwisho. Wanawake waliokuja kupimisha watoto walimwamkia, naye aliitikia akiwa ameelekeza uso kwenye uzio. Baada ya sala ya alasiri wenzake walikaa kuzungumza habari za malisho, yeye akaondoka. Hakuna aliyemcheka, angalau si mbele yake, lakini maneno yake yalipungua, na nyumba nzima ikajifunza kuzungumza kidogo. Hilo ndilo lililomuuma Dahabo kuliko ule ufagio.

Katika siku zile za zahanati, muuguzi alizoea kumwita Dahabo awatafsirie kina mama waliotoka manyatta za mbali za wafugaji. Florence aliliona. Shirika moja lilipokuja kuwafunza wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, alimtafuta.

"Hakuna mshahara," alimwambia. "Kuna chai, nauli, na watu watakaokuamsha asubuhi kabla hujanawa uso. Utaweza?"

Dahabo alisema ataweza. Akapewa mafunzo, akapewa fulana, na kwa miaka miwili alizunguka kati ya Garsen na vijiji vya ukingoni, Waorma na Wapokomo na Wagiriama, akisaidia vyeti vya kuzaliwa, wajane waliofukuzwa shambani, vijana waliokamatwa bila kuambiwa kwa nini. Mara nyingi alikaa kituo cha polisi mchana kutwa ili tu mzee fulani asitie kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Baadaye mahakama ikamchukua kuwa mkalimani wa Kiorma. Siku ya kiapo aliweka mkono juu ya Msahafu akaapa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Alirudi nyumbani akamweleza baba yake. Mzee Molu alisema, "Vizuri," na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akamwuliza kazi ilikuwaje.

Halafu ukaja ule ukame uliomaliza ng'ombe wa watu. Waliosalia walisukumwa mtoni kutoka kila upande, na malka nyingi zilikuwa zimelimwa. Karibu na Golbanti alikuwepo mkulima mmoja Mgiriama, jina lake Kadenge, aliyepanda migomba na mihogo kando ya njia ya mifugo. Alfajiri moja alikuta ng'ombe ndani ya migomba yake, akaanza kuwapiga mawe. Mchungaji akatokea. Walitukanana, wakashikana, panga likainuka, na Kadenge akapoteza mkono wa kulia. Alipopata nafuu hospitalini alisema aliyemkata anamjua kwa sura na kwa jina: ni Liban, mtoto wa mjane Hamdia.

Hamdia alikuwa jirani wa kina Dahabo. Dahabo alipozaliwa mama yake alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Hamdia, aliyekuwa akimnyonyesha Liban wakati huo, akamchukua yule mtoto mchanga akawanyonyesha wote wawili. Kwa hiyo Liban alikuwa ndugu yake wa kunyonya, na kwa dini wasingeweza hata kuoana. Pale manyatta kila mtu aliyajua hayo. Mahakamani hakuna aliyeyajua.

Dahabo alipoona jina la Liban kwenye orodha ya kesi alimfuata karani, Thoya, kwenye ujia.

"Bwana Thoya, huyu Liban ni ndugu yangu."

"Baba mmoja?"

"Hapana."

"Mama mmoja?"

"Hapana. Ni wa kunyonya."

Thoya alicheka, wala si kwa ubaya. "Dahabo, nikikusikiliza wewe, Waorma wote ni ndugu zako. Kesi hii imeahirishwa mpaka yule aliyekatwa amechoka kuja. Mkalimani mwingine tumtoe wapi? Ingia kazini."

Akaingia kazini. Angeweza kuinua mkono na kumwambia hakimu mwenyewe. Lakini hakuwahi kumwona mkalimani akisema neno lake mwenyewe katika chumba kile, na hakujua kama inaruhusiwa.

Kadenge alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili, mkono wa shati ukiwa umefungwa fundo. Liban alisimama bila wakili. Kwa kesi ya aina ile serikali haikumpa, na kwao hapakuwa na mtu wa kumlipia. Alipoulizwa kama ana shahidi, alisema ni mama yake, kwani siku ile alilala nyumbani naye anaweza kuthibitisha.

Jioni ya kuamkia siku ya Hamdia kutoa ushahidi, wazee wawili walifika kwa Mzee Molu. Walikunywa chai, wakaulizia mifugo, ndipo mkubwa wao akamgeukia Dahabo.

"Mama yako Hamdia hajawahi kusimama mbele ya hakimu," alisema. "Akijikwaa, mshike."

"Nitasema atakachosema, baba."

"Hakuna anayekwambia useme uongo. Mlango si lazima ufunguliwe wote. Unaweza kufunguliwa nusu, na mtu akapita."

Dahabo alimtazama baba yake. Mzee Molu alikuwa akikitazama kikombe chake.

Kesho yake Hamdia alipanda kizimbani akiwa amevaa nguo yake ya Idi. Alisema mwanawe alilala nyumbani, na Dahabo akatafsiri. Kiongozi wa mashtaka akasimama na swali ambalo lilisikika dogo: asubuhi ile, kijana alipoingia ndani, alikuwa katika hali gani?

Hamdia alijibu bila kusita, kwa sauti ya mama anayeonyesha jinsi alivyomtunza mtoto wake. "Alikuwa ananuka damu, na kwetu hakuna kilichochinjwa. Nikamwuliza, akanyamaza. Nikampashia maji akaoga, nikampa maziwa akalala. Mimi ndiye niliyemfunika."

Kwake yeye huo ulikuwa uthibitisho. Kama alimwogesha na kumfunika, basi kijana alikuwa nyumbani. Waorma waliokuwa kwenye mabenchi walielewa kabla hakimu hajaelewa, na minong'ono ikapita chini chini. Liban aliinamisha kichwa. Dahabo alisimama na maneno yale kinywani. Aliona wazi jinsi ambavyo angeweza kuyakata: alimpa maji, alimpa maziwa, alimfunika. Yote yangekuwa kweli.

"Mkalimani?" hakimu aliuliza.

Akayasema yote, kuanzia damu mpaka blanketi.

Hamdia aliona nyuso zimebadilika. "Nimesema nini?" alimwuliza Dahabo kwa Kiorma. Dahabo hakuwa na ruhusa ya kujibu, kwa hiyo alimweleza hakimu kwamba shahidi anauliza amesema nini. Hakimu akasema shahidi anaweza kushuka.

Liban alifungwa miaka mingi, mingi kuliko umri wa mtoto aliyemwacha kwa mkewe.

Hamdia hakumtukana Dahabo. Aliacha tu kumwona. Walikutana kisimani akapita kama anayepita kichaka. Posa iliyokuwa njiani kutoka upande wa Nanighi haikufika, na waliotumwa kuuliza sababu walijibiwa kwa upole kwamba kijana bado hajawa tayari. Dahabo aliendelea na kazi, lakini sasa mashahidi wa Kiorma walimtazama kwanza kabla ya kujibu.

Baba yake alingoja siku kadhaa. Walikuwa wakifunga ndama, mama akiwa ndani.

"Mimi walinihukumu kwa tafsiri mbaya," Mzee Molu alisema. "Liban amehukumiwa kwa tafsiri nzuri. Hamdia akija kuniuliza tofauti ni nini, nimwambie nini?"

"Liban alimkata mtu, Aba."

"Najua. Nimekuuliza nimwambie nini Hamdia."

Dahabo akakaza kamba ya ndama wa mwisho.

Alikwenda kwa Florence. Florence alimkalisha jikoni kwake akamwacha aseme yote, kisha akasema kitu ambacho Dahabo hakukitarajia. Hakumsifu kwa kusema kweli.

"Yule mama alifika vipi pale kizimbani?" Florence aliuliza.

"Liban alimwita."

"Kwa ushauri wa nani?"

"Hakuna aliyemshauri. Alikuwa peke yake."

"Basi usiulaumu ulimi wako. Mkalimani hubeba kilichokwisha kusemwa. Kuna mtu alitakiwa awe pale kabla, amwulize yule mama nyumbani, polepole, amwambie mama wewe usipande. Hakuwepo. Miaka yote niliyofanya kazi hii hayupo."

Mwaka ule Dahabo aliomba nafasi ya kusomea sheria katika chuo kikuu kimoja cha Mombasa. Akapata, na kaunti ikamsaidia sehemu ya karo. Baba yake hakumbariki wala hakumzuia. Aliuza fahali katika wachache waliobaki, akamtuma mdogo wake apeleke pesa, yeye mwenyewe akaenda malishoni.

Dahabo hakupotea Mombasa wala Mombasa haikumstaajabisha. Alisoma kwa bidii ya mtu mwenye hasira. Wenzake walizungumza habari za ofisi kubwa na suti, yeye akizungumza kidogo, mpaka wakamwona ana maringo. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 mvua zilipozidi na mto ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika, mama yake na Hamdia wakahamia kambi moja ya waliokimbia maji. Mama alimweleza kwa simu kwamba wamepewa mahema yanayopakana, na kwamba Hamdia amedhoofika. Anakula kidogo, anamtaja Liban kama vile yuko malishoni na atarudi jioni.

Katika mwaka wa pili walifundishwa sheria ya ushahidi. Mwalimu wao, wakili wa miaka mingi, alisema siku moja, kama jambo dogo la kupitia tu, kwamba wakili hamwiti shahidi ambaye hajamhoji mwenyewe, kwa sababu shahidi wako anaweza kukufunga kuliko wa mwenzako. Darasa liliandika. Dahabo hakuandika. Kipindi kilipoisha alimfuata mwalimu akamsimulia kesi yote, bila majina, mpaka na mazungumzo yake na karani kwenye ujia.

Mwalimu alimsikiliza akiwa ameshika begi lake. "Rufaa inaweza kuombwa hata muda ukiwa umepita, mkiwa na sababu. Kusimama bila wakili ni hoja. Mkalimani kuwa ndugu ya mshtakiwa na hakimu asijue, hiyo nayo ni hoja. Lakini lazima mkalimani aape hati ya kiapo."

"Ataapa."

Mwalimu akamtazama vizuri. "Mkalimani huyo ana mpango wa kuwa wakili?"

"Ndiyo."

"Basi ajue kwamba jina lake litaandikwa hukumuni, na siku atakayoomba kuandikishwa uwakili mtu anaweza kulileta mezani. Akinyamaza, hakuna atakayejua."

Dahabo alilala na maneno hayo muhula mzima. Kilichomsumbua zaidi ya jina lake ni Kadenge. Mtu yule alikuja mahakamani mara nyingi kupita kiasi, akasimulia mkono wake mbele ya wageni, akapewa haki yake, na sasa yeye Dahabo ndiye angekwenda kuichimbua.

Likizo ilipofika alipitia gerezani kumwona Liban. Alikuwa amekonda na amejifunza Kiswahili. Walisalimiana kwa Kiorma, kisha Liban akaendelea kwa Kiswahili, labda ili askari wasimshuku. Dahabo alimweleza habari ya rufaa. Liban alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkono ule nilikata mimi," alisema. "Wewe unajua."

"Najua."

"Sasa unanitoa kwa nini?"

"Sijui kama nakutoa. Ulisimama peke yako. Hilo ndilo ninalotaka waambiwe."

"Na Kadenge?"

"Kadenge atakasirika."

"Ana haki," Liban alisema. Akauliza habari za mama yake, kama anakula, kama hema linavuja. Mwishoni alisema karatasi zikija atatia sahihi, kwa ajili ya mama, si kwa ajili yake.

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria alikubali kuisimamia rufaa bila malipo, naye Dahabo akaapa. Aliandika kwamba Liban ni ndugu yake wa kunyonya na kwamba alimweleza karani kabla ya kesi. Thoya alipoulizwa alisema hakumbuki mazungumzo hayo. Pengine kweli hakuyakumbuka. Kwake yalikuwa mzaha wa ujiani.

Garsen ni ndogo, habari haikulala njiani. Kadenge alikuwa ameacha kulima mwenyewe. Aliuza ndizi karibu na njia panda, akizipanga kwa mkono wa kushoto. Tangu siku ya ushahidi wa Hamdia alimpenda sana Dahabo. Kila alipomwona alimwita kwa jina, akamchagulia ndizi nzuri, akawaambia watu huyu binti hata ndugu zake hawapendelei. Safari hii Dahabo alipomwamkia hakuinua macho.

"Nasikia umeapa tena," Kadenge alisema.

"Ndiyo, baba."

"Siku ulipokitimiza kile kiapo cha kwanza nilikuwepo. Nilikuona jasho linakutoka. Nikasema huyu ni mtoto wa watu wale, lakini yuko upande wangu."

"Sikuwa upande wa mtu. Nilitafsiri."

"Na sasa uko upande wa nani?"

Dahabo alijaribu kumweleza. Alisema kwamba kukatwa kwa mkono wake hakukanushwi na mtu, kwamba hasemi Liban hana hatia, kwamba jambo ni jinsi kesi ilivyoendeshwa. Alijisikia akizungumza kama kitabu. Kadenge alimngoja amalize.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikiamka usiku huwa nahisi vidole vinawasha. Vile ambavyo havipo. Ukishasoma sheria yote, uje unieleze hivyo vimeandikwa ukurasa gani."

Kisha akamgeukia mteja.

Rufaa ilisikilizwa miezi mingi baadaye. Dahabo alitoka Mombasa akakaa benchi la nyuma. Hamdia aliletwa na mama Dahabo, akakaa mbele, na Kadenge akakaa upande mwingine pamoja na mwanawe mkubwa. Jaji alisoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, wala si mtu wa kurudiarudia. Alisema ushahidi wa aliyejeruhiwa peke yake ulitosha, hata bila maneno ya mama kuhusu damu, kwa hiyo hatia inabaki palepale. Alisema tafsiri haina kasoro, ila mkalimani, akamtaja kwa jina lake na la baba yake, alipaswa kutangaza undugu wake mbele ya mahakama yenyewe, si kumnong'oneza karani, na kwamba mtu anayesomea sheria atafanya vyema kulitafakari hilo. Alisema kijana alihukumiwa bila mtu wa kumsemea, na adhabu ilikuwa kali mno. Akaipunguza. Liban atatoka mtoto wake akiwa bado shule ya msingi.

Kadenge aliondoka kabla jaji hajamaliza. Mwanawe alimshika bega, Kadenge akautoa mkono huo.

Nje, chini ya paa la bati ambako watu hungojea, Hamdia alimwita Dahabo kwa jina. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kesi.

"Yule mtu amesema nini?" aliuliza. "Niambie mimi. Wengine wananiambia tu ni vizuri, ni vizuri."

Dahabo akachuchumaa mbele yake akamweleza mwanzo hadi mwisho kwa Kiorma. Alimweleza kwamba Liban bado ana hatia, na kwamba miaka imepungua. Alipofika mahali jaji alipotaja maneno ya mama kuhusu damu, akayasema nayo. Mama yake alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Hamdia aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo yale maneno bado yameandikwa."

"Yameandikwa."

"Na jina lako nimelisikia. Wewe wamekuandikaje?"

Dahabo akamweleza na hilo.

"Wamekusema vibaya," Hamdia alisema, kana kwamba anajaribu kuelewa. "Mbele ya watu wote." Halafu akasogea kidogo kwenye benchi, pakapatikana nafasi. Dahabo alikaa. Wakakaa hivyo mpaka mama Dahabo alipopata boda boda za kuwarudisha.

Mzee Molu hakuwa amefika mahakamani. Dahabo alipomweleza habari usiku ule aliuliza kama Kadenge ana watoto wanaolima. Dahabo akasema anao, lakini shamba limeachwa tangu mafuriko. Wiki moja baadaye mzee na wazee wawili wa manyatta walimpelekea Kadenge mitamba. Kadenge aliwapokea vizuri, akawapa viti na maji, akasema mitamba hawezi kuwapokea, kwa sababu watu watasema ameuza mkono. Wakarudi nao kwa njia ile ile.

Sasa Dahabo yuko mwaka wa mwisho. Hajui baraza la uwakili litamwuliza nini siku ya kuandikishwa ikifika, na mwalimu wake anasema huenda lisimwulize kitu, huenda likamwuliza hilo tu. Amekwisha kuandika majibu ya namna nyingi, akayafuta. Akija likizo huketi na Florence katika kituo cha msaada wa kisheria, na watu ni wengi kuliko zamani. Wapo wanaomtaka yeye hasa. Wapo pia wanaokuja, wakamwona, wakasema watarudi kesho, na hawarudi.

Pale njia panda bado anapita. Humwamkia Kadenge kila mara, "Shikamoo, baba," na Kadenge humwitikia, maana shikamoo haikataliwi. Kisha hugeuza ndizi zake, moja moja, mpaka Dahabo awe amekwenda mbali.